Sufuria ya Mama Mkwe

Sisi watu wa Mombasa milima hatuijui. Kisiwa kizima ni bapa, na mpando pekee tunaoujua kwa miguu ni ule wa feri pale Likoni, ambao ukiukuta asubuhi na umati uko nyuma yako, hupandi, unapandishwa. Kwa hivyo mke wangu aliponiambia Jumapili tunakwenda mlimani na wazazi wake, nilicheka. Akanitazama. Nikaacha.

Chanzo cha yote ni sukari ya baba mkwe. Daktari alimwambia atembee, naye mzee wa watu akatii: kila jioni barabara ya Mama Ngina, kando ya bahari, huku na huko. Sasa Mama Ngina mtu hatembei, anapitia makarai. Mihogo ya kuchoma yenye pilipili na ndimu, viazi vya karai, kachiri, mabuyu, na mwisho anateremshia kwa dafu. Akirudi kliniki sukari iko pale pale au imezidi, naye anaapa kwamba anatembea. Na haongopi. Mke wangu akasema basi, atafutiwe pahali pa kutembea pasipokuwa na karai hata moja. Kwa karibu yetu, pahali hapo ni Shimba Hills.

Si milima ya kumtisha mtu. Ni vilima vya Kwale, mita 500 havifiki. Unavuka feri, unashika barabara ya Ukunda mpaka Kombani, unakata kulia, na gari linaanza kupanda wewe huna habari, hadi usikie masikio yanaziba na upepo umekuwa mwingine. Mjini tunatoka jasho kabla ya chai. Kule asubuhi kuna ukungu. Na chemchemi za Marere, ambazo maji yake huletwa Mombasa kwa bomba, ziko huko huko, kwa hivyo mimi nilijiambia tunakwenda kuyajulia maji hali kwao.

Lakini lazima mjue hali yangu wakati ule. Nilikuwa mkwe mpya. Ukweni nilikaa kwenye ncha ya kochi, nikajibu nilipoulizwa, nikala nusu ya njaa yangu na kusema nimeshiba, alhamdulillahi. Mama mkwe nilimjua zaidi kwa sauti kuliko kwa uso. Na kwa kuwa nilitaka nionekane kijana wa mazoezi, nilivaa suruali ya jinzi ya kubana, mtumba wa daraja la kwanza.

Tulipofika kuwachukua, mama mkwe alikuwa kasimama mlangoni na sufuria. Msidhani ni kisufuria cha wali wa watu wawili. Ni ile ya shughuli, imejaa pilau, imefunikwa sinia, imefungwa kwa kitambaa chenye mafundo.

"Mama, tunakwenda mlimani," mke wangu akasema.

"Najua. Na huko mlimani mtakula majani?"

Hakuna aliyejibu. Mzee na sukari yake wakakaa mbele, pilau ikakaa nyuma na sisi.

Ndani ya hifadhi tulibahatika kuwaona palahala, wale swala wakubwa, dume na majike yake, mbali kidogo kwenye nyasi. Dume ni jeusi tii, pembe zimepinda kwenda nyuma. Kenya nzima, palahala wa porini wako hapo tu. Tukanyamaza wote kwa heshima, isipokuwa mama mkwe.

"Nyama yake ikoje?" akamuuliza askari wa wanyamapori tuliyemkuta mbele.

"Mama, hiyo hairuhusiwi hata kuuliza."

Askari naye akaikodolea macho sufuria. "Na hiyo?"

"Chakula cha mgonjwa," mama mkwe akasema, akamwonyesha mumewe kwa kidevu.

Sasa sikizeni hila ya mahali hapa. Mlima wa kawaida unaupanda ukiwa na nguvu, unateremka umechoka. Njia ya maporomoko ya Sheldrick imegeuzwa: gari linakufikisha juu, kisha mnateremka kwa miguu kiasi cha kilomita mbili, askari mbele na bunduki begani, mpaka chini maji yanakoanguka. Ni kuteremka tu. Baba mkwe alifurahi, akawa anarusha bakora.

"Huu ndio mlima? Mbona daktari hakuniambia mapema!"

Mimi na shemeji yangu tuliibeba sufuria kwa mafundo ya kitambaa, huyu huku yule huku, tukipishana na mizizi. Nilitaka kusema kwamba kila hatua tunayoshuka tunaikopa. Lakini mkwe mpya hasemi mambo ya deni.

Chini ni pazuri, sitaki kudanganya. Maji yanaanguka mita 21 na yana baridi ya kukutoa ukelele. Mama mkwe akatandika mkeka, akafunua sinia. Harufu ile ya bizari na karafuu katikati ya msitu, acha tu. Askari alikaribishwa: mara ya kwanza alikataa kwa adabu, mara ya pili alikataa kwa sauti ndogo, mara ya tatu alikuwa keshanawa. Mzee alikula hadi akalegeza mshipi. "Daktari alisema nitembee," akatuambia. "Sikumsikia akitaja pilau."

Kisha askari akatazama saa, akasema twende. Shemeji alikuwa bado ananawa, basi nikainama peke yangu kuinua sufuria. Uso umeelekea kwenye maji, mgongo umeelekea kwa wakwe.

Ilichanika kama fundi anayepasua jora la kitambaa cha buibui. Kuanzia kwenye mshipi kushuka, bila kusita. Na ndani, siku hiyo katika siku zote za Mungu, nilikuwa nimevaa ile bukta yenye picha za ndizi aliyonizawadia mke wangu.

Kukawa kimya. Yalisikika maji tu. Nilibaki nimeinama, nikihesabu kwamba nikisimama itakuwa vibaya na nikibaki itakuwa vibaya zaidi. Baba mkwe aligeuka akaanza kuchunguza mti. Shemeji alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Mke wangu alikuwa kaketi chini, kajifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika.

Mama mkwe hakucheka. Alifungua leso aliyojifunga kiunoni juu ya dera, akanijia.

"Simama. Geuka."

"Mama, nitajifunga mwenyewe..."

"Mwanangu, mimi nimelea wavulana wanne. Hizo ndizi zako zitanifanya nini?"

Akanifunga barabara, akanipiga kofi dogo begani kuonyesha kazi imekwisha. Neno la leso lilikuja kukaa nyuma yangu kwa herufi kubwa, palipo pana: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI.

Tukaanza kupanda. Pilau iliyoshuka ndani ya sufuria sasa ilikuwa ndani yetu, nayo haikuwa na mafundo ya kushikia. Kwenye kona ya kwanza tukakutana na wanafunzi wa sekondari wanateremka. Walitusalimia vizuri sana, shikamooni, tukawaitikia, wakapita. Halafu wakageuka. Nikawasikia wanasoma, darasa zima kwa pamoja, wakivuta silabi. Mmoja akapaza sauti: "Mjomba, utapata tu!"

Baba mkwe ndipo alipocheka. Alicheka hadi akanishika bega asianguke, na bega hilo hakuliachia tena hadi juu. Kila kona tulisimama, na kila tukisimama alikuwa na kisa. Akanisimulia alivyohangaika kumposa mama mkwe, alivyokataliwa mara ya kwanza. Sauti ikatoka nyuma ikihema: "Hukukataliwa! Ulikuja mwenyewe na baiskeli. Ulitaka tukupe mtoto wa watu kwa kengele?" Wakabishana mlima mzima, mambo ambayo sebuleni kwao, na vile vitambaa juu ya makochi, sidhani ningeyasikia hata kwa miaka. Mimi vilima ndiyo maana navipenda. Mlima mkubwa unakwenda na wapagazi na mahema, kila mtu anawaza pumzi yake. Kilima kinawaacha mna pumzi ya kusengenyana.

Tukafika juu. Tukaketi pale pale chini. Mama mkwe akajipangusa jasho, akatutazama mmoja mmoja.

"Sufuria iko wapi?"

Nikamtazama shemeji. Shemeji akanitazama mimi. Suruali ilipolia, kila mtu alishughulika na suruali.

"Hiyo si yangu," mama mkwe akasema taratibu, jambo lililotisha kuliko kelele. "Ni ya kina mama wa mtaa. Alhamisi ina harusi."

Askari akasema hapana, jua linakwenda, ndovu hupenda kushuka majini jioni. Mama mkwe hakumbishia. Akamwambia tu kwamba ndani ukoko umebaki, ule wa chini, wenye nyama. Askari akatafakari sheria za hifadhi kwa muda mfupi sana, akatengeneza bunduki begani. "Vijana, twendeni."

Njiani tukakutana na wale wale wanafunzi wanapanda. "Mjomba! Bado hujapata?"

Sufuria tuliikuta ilipo, imetulia. Askari aliukwangua ukoko kwa mikono yake, akatugawia, haki yake lazima niitaje. Tukaanza kurudi, na kwenye kona moja akasimama ghafla. Katikati ya njia kulikuwa na kinyesi cha ndovu, kikubwa, kinatoa mvuke.

"Hiki," akasema kwa sauti ya chini, "wakati tunashuka hakikuwepo."

Ule mpando ulioniua mara ya kwanza, mara hii sikuuona. Nilitokeza juu nikiwa na sufuria kichwani, leso imepanda magotini, shemeji nyuma yangu na sinia mkononi. Baba mkwe alikuwa keshatega simu. Picha hiyo siku hizi iko sebuleni kwao, kwenye fremu, juu ya televisheni, na wageni wote huelezwa. Mimi nami siketi tena kwenye ncha ya kochi, maana mtu akishakuonyeshwa hivyo huna unachoficha.

Sukari ya mzee imeteremka kidogo, na yeye anaisifia pilau. Vilima sasa anavitaja kwa majina. Juzi alikuwa akituhubiria habari za Kasigau, ule mlima unaouona ukienda Voi, mita 1,641. Mke wangu akamkumbusha kwamba huo ni wa kupanda kwelikweli, si wa kushuka. Mama mkwe alikuwa jikoni, nasi tukadhani hasikii.

"Basi huo utataka sufuria mbili," akasema. "Na mkwe wangu avae suruali ya fundi."