Laptopu inakataa flashi bila kusema kwa nini
Jamani hii ya kila laptopu kuwa na kitufe chake cha kuchagua iwake na nini inanikera sana, mara F12, mara F9, mara Esc, na ukichelewa kidogo tu Windows ishapanda unaanza upya. Jana nimehangaika masaa mawili na flashi ya kuwashia Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta, kama Windows), nimeiandika upya mara tatu nikidhani faili la ISO (lile lenye mfumo wenyewe, linaloandikwa kwenye flashi) limeharibika, kumbe Secure Boot (ulinzi wa laptopu unaozuia mfumo usiotambulika kuwaka) ndo ilikuwa inaikataa, na hakuna hata ujumbe, skrini nyeusi afu hiyo inarudi Windows. Nimeizima hiyo Secure Boot, flashi ikawaka hapo hapo. Sasa si waandike tu kwamba flashi imekataliwa na nani? Masaa mawili yote kwa kukosa sentensi moja, hapana kwa kweli!