Cheti Kwanza, Kura Baadaye: Mkoa wa Kati, 1957

Machi 1957 Eliud Mathu alibwagwa. Huyu ndiye Mwafrika wa kwanza kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya. Aliingia mwaka 1944 kwa kuteuliwa na gavana, akadumu miaka 13, na siku alipolazimika kuomba kura kwa mara ya kwanza akashindwa na mwalimu kutoka Meru, Bernard Mate. Eneo bunge lenyewe liliitwa Mkoa wa Kati. Halipo tena: lilidumu kwa jina na umbo hilo mwaka mmoja tu, kisha likakatwa vipande.

Kuna maelezo mawili ya kushindwa huko, na kila moja lina watu wanaoliapia. La kwanza: Mathu hakushindwa na wapiga kura, alishindwa na sajili. Wakikuyu walizuiwa kujiandikisha, Wameru wakaandikishwa, mengine yalikuwa hesabu tu. La pili: Mathu aliangushwa kwa sababu wakati wake ulikuwa umepita, na angeanguka hata kama kila mtu mzima kutoka Kiambu hadi Meru angepewa karatasi ya kura. Nimeyapima yote mawili na sioni kwamba moja linatosha, ingawa mizani yangu haikai sawa.

Tuanze na eneo lenyewe. Lilianzia Kiambu, mlangoni mwa Nairobi, likapanda Murang'a, ambayo serikali iliiita Fort Hall, likazunguka Mlima Kenya kupitia Nyeri na Embu hadi Meru upande wa pili. Mashamba ya kahawa, vijiji, barabara za udongo mwekundu zisizopitika mvua ikinyesha. Yote hayo yalipewa kiti kimoja, kati ya viti vinane walivyotengewa Waafrika wa nchi nzima. Anayelalamika leo kwamba mbunge wake haonekani mashinani angejaribu kumfikiria mbunge wa eneo hilo, na usafiri wa siku hizo.

Kisha sheria ya kura. Ilitokana na ripoti ya Walter Coutts, afisa wa serikali ya kikoloni, na haikutambua mtu mmoja kura moja. Kura zilipimwa kwa sifa: elimu, mapato ya pauni 120 kwa mwaka au mali ya pauni 500, utumishi wa muda mrefu, nishani, umri wa uzee, na kadhalika. Aliyekuwa na sifa moja alipata kura moja, aliyekuwa nazo kadhaa alipata mbili, na upeo ulikuwa tatu. Fikiria kituo cha kura kijijini. Mwalimu mkuu mwenye vyeti vyake vya shule, mshahara unaofikia kiwango na miaka mingi kazini anatumbukiza kura tatu. Nyuma yake yuko mzee aliyehitimu kwa umri peke yake, ana moja. Mkulima kijana anayewalisha wote wawili hata kwenye foleni hayumo. Nchi nzima waliojiandikisha walikuwa kama 126,000, ilhali sensa ya 1948 ilikuwa imeshahesabu Waafrika zaidi ya milioni 5.

Hilo lilikuwa la kila mahali. Mkoa wa Kati uliongezewa la kwake. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952 kwa ajili ya vita vya Mau Mau, na bado ilikuwa na nguvu. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957, wiki chache tu kabla ya kura. Zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamehamishwa kwa lazima kutoka kwenye makazi yao na kurundikwa katika vijiji vyenye walinzi. Makumi ya maelfu walikuwa wamepitia kambi za kizuizini, na wengi walikuwa bado humo. Katika hali hiyo Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakuandikishwa kupiga kura kwa elimu yake wala kwa ng'ombe wake tu. Sharti awe na cheti cha uaminifu.

Cheti hicho kilitolewa na utawala wa wilaya kwa yule aliyeonekana kuwa upande wa serikali: homugadi (mgambo wa vijijini waliopigana upande wa serikali), watu wa chifu, waliotoa ushahidi, waliojitenga na kiapo cha Mau Mau na wakaaminika. Aliyekuwa nacho alipunguziwa vikwazo vya kusafiri na aliweza kufanya biashara bila kusumbuliwa sana. Sasa kikawa pia ndiyo njia ya kuifikia sanduku la kura. Kwa maneno mengine, afisa wa wilaya alimchagua mpiga kura kabla mpiga kura hajamchagua mbunge.

Hapa ndipo maelezo ya kwanza yanapopata nguvu. Vita vilikuwa vya Wakikuyu kuliko majirani zao. Meru iliguswa, lakini si kwa kiasi cha Murang'a au Nyeri, na kwa hiyo waliopewa vyeti Meru walikuwa wengi ukilinganisha na idadi ya watu wao. Mmeru akawa na sauti kubwa katika eneo ambamo Wakikuyu ndio waliokuwa wengi kwa vichwa. Ongeza kwamba wagombea waliotoka upande wa Wakikuyu walikuwa zaidi ya mmoja na wakagawana kidogo kilichokuwepo. Mate alihitaji watu wa kwao wasimame pamoja, na walisimama. Huhitaji njama yoyote kueleza matokeo hayo. Ukishajua nani yumo kwenye daftari, unaweza kutabiri mshindi ukiwa umekaa.

Ushahidi wenye uzito zaidi kwa upande huu, kwa maoni yangu, uko mwaka uliofuata. Machi 1958 viti vya Waafrika viliongezwa kwa sita na Mkoa wa Kati ukagawanywa. Mate akabaki na kaskazini, yaani Meru. Kusini akachaguliwa Dk. Julius Kiano, mzaliwa wa Murang'a aliyerejea kutoka Marekani na shahada ya uzamifu. Katikati Nyeri iliunganishwa na Embu, na aliyeshinda ni Jeremiah Nyagah wa Embu. Nyeri ilikuwa wilaya kubwa ya Wakikuyu na ndiyo iliyoumia sana vitani. Ilipounganishwa na jirani aliyeumia kidogo, jirani ndiye aliyetoa mbunge. Meru mwaka 1957, Embu mwaka 1958. Mara moja ingekuwa bahati ya mgombea. Mara mbili inaonyesha daftari lilivyokaa.

Lakini wanaoshikilia maelezo ya pili nao hawabahatishi. Wanauliza: mbona wenzake Mathu walianguka hata kule ambako cheti cha uaminifu hakikuulizwa? Nyanza ya Kati, B. A. Ohanga alikuwa waziri, Mwafrika wa kwanza kupewa wizara Kenya, na Oginga Odinga akamwangusha. Nyanza Kaskazini, W. W. W. Awori alishindwa na Masinde Muliro. Karibu wateuliwa wote wa gavana waliojaribu debe walifagiliwa. Daniel arap Moi wa Bonde la Ufa ni kati ya wachache waliopona. Hilo lilikuwa wimbi. Watu walitaka mtu asiyekuwa na deni kwa gavana, na Mathu, aliyekuwa ameingia hata katika Baraza la Utendaji, baraza la ndani la gavana, mwaka 1952, alionekana kuwa na deni kubwa. Awe na kosa au asiwe nalo, miaka yote ya vita alikuwa ndani ya jengo huku watu wake wakiwa nje ya seng'enge.

Wanaongeza jambo la pili, ambalo mimi naona ndilo gumu zaidi kujibu. Kama sajili ilichujwa ili itoe watu wa serikali, mbona haikuwatoa? Mate alipofika Nairobi hakuwa kibaraka. Aliungana na Odinga, Mboya, Ngala, Muliro, Moi na wengine katika umoja wa wabunge Waafrika waliochaguliwa, wakaikataa katiba ya Lyttelton, katiba ya kikoloni ya 1954, wakasusia uwaziri na kudai viti zaidi. Viti hivyo sita vya 1958 ndivyo matunda ya ubishi huo. Kiano naye alichaguliwa na wenye vyeti vilevile, na hakuna aliyewahi kumwita mpole kwa serikali. Watu walichukua cheti cha uaminifu, wakakiweka mfukoni, wakaenda kumpigia kura anayewapinga waliokitoa. Kwa homugadi aliyepigana upande wa serikali, hofu yake kubwa ilikuwa ardhi na nafasi yake baada ya uhuru, wala hakuwa na mapenzi na mzungu. Aliyedhani cheti kinapima moyo alidanganyika.

Nakubali hoja hiyo, lakini naiwekea mpaka. Inatuambia kwamba waliopiga kura hawakuwa mateka. Haituambii lolote kuhusu wale ambao hawakupiga. Kulinganisha Mathu na Ohanga nako kuna tundu: Nyanza ya Kati watu walimkataa Ohanga na wakapata mtu wa kwao waliyemtaka. Murang'a na Nyeri hata kama walimkataa Mathu, aliyechukua nafasi hakutoka kwao na hawakuwa na wingi wa kumchagua mtu wao. Wimbi linaeleza kwa nini Mathu alitoka. Daftari linaeleza kwa nini aliyeingia ni Mate. Ni maswali mawili, na ubishi mwingi wa mezani unatokana na kuyajibu kwa jibu moja.

Tena sidhani Mathu alikataliwa kwa kiwango wanachosema wapinzani wake. Baada ya uhuru Kenyatta alimpa kazi ya kuisimamia Ikulu. Ni vigumu kuamini Kenyatta angemweka nyumbani kwake mtu aliyehesabiwa na watu wa Mlimani kuwa msaliti. Kukosa kura katika sajili ya watu waliochujwa si sawa na kukosa heshima kijijini, na hapa ndipo wanahistoria wa baraza za kahawa hukosea kwa kuitumia 1957 kama kipimo cha nani alipendwa.

Jambo moja zaidi, dogo lakini linanikera. Matokeo ya 1957 huandikwa katika jedwali kama matokeo mengine yote: jina la eneo, jina la mshindi, basi. Hakuna safu ya waliokataliwa cheti. Nyanza ya Kati na Mkoa wa Kati vinakaa mstari mmoja juu ya mwingine kana kwamba ni uchaguzi wa aina moja. Anayetaka kuyatumia matokeo hayo kusema Wameru na Wakikuyu hawakupatana tangu zamani, au kwamba walipatana, amekwishapotea kabla hajaanza.

Hali ya Hatari iliondolewa Januari 1960. Uchaguzi wa Februari 1961 ukalegeza masharti: kujua kusoma na kuandika lugha yako kulitosha, au kutimiza miaka 40, na walioandikishwa nchini wakapita milioni moja. Wilaya zilizokuwa zimefungwa pamoja zikapewa viti vyao, kila moja kivyake. Ndipo Nyeri, nyumbani kwa Kimathi, ilipopiga kura bila kuunganishwa na mtu, miaka minne baada ya kunyongwa kwake.