Nadaiwa Kilo 32,768 za Sangara

Naomba nieleweke vizuri tangu mwanzo, kwa sababu maneno yamekwisha kuzagaa mwaloni Kirumba, hapa Mwanza kando ya Ziwa Victoria, kwamba wakala wa pesa za simu mwenye kibanda karibu na lango la soko amefilisika. Sijafilisika. Floti yangu, yaani pesa ya kuzungushia kazi, ipo, daftari langu limejaa sahihi za wateja, na kodi ya kibanda nimelipa hadi mwisho wa mwezi, ingawa mwenye kibanda, kama nitakavyoeleza, alikuja kudai ya mwezi ujao kabla mwezi huu haujafika nusu. Ninachodaiwa ni kilo 32,768 za sangara, nami sijawahi kumiliki mtumbwi, wala kushika kasia, wala hata kuogelea, kwa kuwa marehemu mama alinikataza ziwa tangu nikiwa mdogo na mimi ni mtoto msikivu.

Chanzo cha balaa hili ni mpwa wangu, ambaye baada ya kumaliza chuo alipanga chumba kule Nyegezi pamoja na wenzake wawili, wakajifungia miezi kadhaa na kompyuta mbili na feni moja, na walipotoka walikuwa wametengeneza gemu la simu. Kwa muda wote huo dada yangu alikuwa akiutangazia ukoo kwamba kijana yuko kwenye mradi, nasi tulidhani ni mradi wa kuku. Jumamosi moja wakaja Kirumba wote watatu wamevaa fulana za rangi moja, wakaanza kuwaomba watu wapakue. Aliponifikia mimi akasema, «Shikamoo mjomba, ni bure kabisa.» Nikaitikia marahaba, nikaangalia: megabaiti 310. Bando langu la wiki nzima likaondoka na huyo bure, na simu nayo ikasema haina nafasi, ikabidi nifute video ya harusi ya binamu yangu, mahubiri ya Pasaka, na picha ya ng'ombe wawili niliyokuwa nimeihifadhi kama ushahidi katika shauri la mahari ambalo halijakwisha hadi leo.

Mchezo wenyewe, ukielezwa, ni mtamu. Unaanza na mtumbwi wa makasia, unatoka alfajiri, unatega nyavu, unarudi kuuza mwaloni, unadunduliza mpaka unanunua injini, na ukiwa na bidii unafika Ukerewe. Vilima vyetu vya mawe wamevichora kwa ustadi hata nikajikuta ninatafuta bati la nyumba yangu kule Mabatini. Shida ilianza nilipogusa kasia. Mtumbwi ulikwenda kinyumenyume, ukapanda nchi kavu, ukakatiza katikati ya soko na kuanza kuukwea mlima wa Bugando bila kumsalimia mtu. Sangara hawakuwa majini. Walining'inia angani kama nguo zilizoanikwa. Jiwe la Bismarck, ambalo miaka yote limesimama juu ya mawe wenzake likitishia kuanguka bila kuanguka, katika mchezo huu lilikuwa linatembea, tena kwa haraka ya mtu aliyechelewa feri ya Kamanga. Na yule mama wa kununua samaki hakuwa na uso. Alikuwa na macho mawili na meno, yakielea juu ya khanga, na bei alipunja vilevile kama mwenye uso.

Nilipompigia mpwa simu, alinijibu kwa upole kwamba hao ni wadudu tu, mjomba, watatolewa. Nikamuuliza wadudu gani wanaotembeza jiwe. Ndipo akanieleza kwamba watu wa kompyuta huita kasoro za programu kwa jina la mdudu, na kwamba mwaka 1947 katika Chuo Kikuu cha Harvard, huko Marekani, mafundi waliokuwa wakihangaika na mashine moja iliyoitwa Mark II walimkuta nondo amenasa ndani yake, wakamtoa na kumbandika kwenye daftari la kazi, ingawa neno lenyewe mafundi walikwisha kulitumia zamani kabla ya nondo huyo kupata umaarufu. Maelezo hayo yangemtosha mtu wa Dodoma. Mimi ninaishi kando ya ziwa hili, ambako kuna siku wadudu hutoka majini kama moshi wa tanuri, wakaingia puani, kwenye chai na kwenye taa ya kibanda, na hakuna siku hata moja waliyowahi kunipandishia mtumbwi Bugando.

Basi tuzungumzie wachezaji, maana hapo ndipo nilipojua kwamba binadamu akipewa kitu bure hudai kwa sauti kubwa kuliko aliyelipa. Kijiwe cha bodaboda kilichoko mbele ya kibanda changu kiligeuka mahakama. Mmoja alitoa nyota moja kwa sababu simu yake ilipata joto, ilhali simu hiyo hupata joto hata ikizimwa. Mwingine alitoa nyota moja kwa sababu kioo kilikuwa na ufa, na ufa huo ulikuwapo tangu alipoanguka na abiria Igoma. Wa tatu, ambaye ndiye mwenye hasira kuliko wote, aliandika matusi ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watu wenye watoto, kisha akatoa nyota tano, kwa kuwa alidhani kila nyota ni kofi na yeye alitaka kuwachapa vijana wale makofi yote yaliyokuwapo. Mpwa wangu aliipenda sana tathmini hiyo, akaibandika kwenye tangazo lao baada ya kuyafuta maneno.

Wavuvi wa kweli walinishangaza zaidi. Nilitegemea walalamikie samaki wanaoruka, lakini hilo waliliona jambo dogo, la kiteknolojia. Kilichowaudhi ni mwezi. Mzee mmoja aliyevua dagaa kwa zaidi ya miaka 20 alishika simu yangu, akatazama mtumbwi unaovua dagaa kwa taa huku mwezi mpevu unawaka juu, akanirudishia simu kama mtu aliyepewa uji wenye chumvi. Dagaa, akasema, huvuliwa usiku wa giza, ndiyo sababu mwezi ukiwa mkubwa wavuvi hulala nchi kavu na kugombana na wake zao. Sasa hawa vijana wamezaliwa ziwa gani? Mwenzake akadakia kwamba amevua sangara wa chini ya sentimita 50 siku nzima na hakuna mtu wa doria wala wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, aliyetokea kumkamata, na kwamba mchezo wa uvuvi usiokuwa na doria ni uongo mtupu. Huyo naye akatoa nyota moja. Nadhani ndiye mtu pekee katika historia ya ziwa hili aliyewahi kulalamika kwa maandishi kwamba hakukamatwa.

Mimi sikuweza kutoa nyota moja. Dada yangu alikuwa akipiga simu kila jioni, akianza kwa salamu ndefu na kunijulia hali mpaka mifugo, kisha akiuliza kama bila kukusudia, «Na ile kazi ya mtoto, umeitolea ngapi?» Nikatoa tatu. Tangu siku hiyo salamu zimefupishwa.

Mpwa kwa upande wake alikuwa na utetezi, na utetezi wenyewe, lazima nikiri, haukuwa mbovu. Alisema simu za watu ni za kila aina, vioo vya kila ukubwa, kumbukumbu kubwa na ndogo, na wao walikuwa na simu nne tu za kujaribia, mojawapo ikiwa ya mama yake. Akaniambia pia kwamba hata wakubwa huaibika: kampuni ya Poland iliyotengeneza Cyberpunk 2077 iliutoa mchezo huo tarehe 10 Desemba 2020 baada ya miaka ya kazi, ukawa na kasoro nyingi kiasi kwamba siku saba baadaye Sony ikauondoa kwenye duka lake la mtandaoni la PlayStation, na haukurudi humo hadi Juni 2021. Nikamwambia asante, sasa nimejua kwamba nimeteseka kwa kiwango cha kimataifa. Lakini huko Poland, nikamwuliza, kuna mjomba aliyefuta picha ya ng'ombe?

Sasa nije kwenye deni, na hapa itanibidi nikiri jambo. Lile Jiwe la Bismarck linalotembea lilikuwa na siri, na siri hiyo aliigundua kijana mmoja wa bodaboda ambaye hajawahi kugundua hata njia ya mkato. Ukiliegeshea mtumbwi jiwe linapopita karibu na ufuko, mtumbwi unapanda juu yake, na kwa kuwa sangara wako angani, jiwe linakupitisha katikati yao nao wanaingia mtumbwini wenyewe, bila wavu, bila mafuta, bila jasho. Ndani ya siku mbili Kirumba yote ilikuwa juu ya jiwe. Watu waliokuwa wakiwatukana vijana wale asubuhi walikuwa wakibebwa na jiwe lao jioni, huku wakiendelea kutukana kwa mazoea. Mimi nami nilipanda. Wateja walikuwa wakija kutoa pesa, nami nikiwaambia mtandao unasumbua, ilhali kilichosumbua ni mimi kusubiri jiwe lizunguke. Sikuuza samaki wangu kama wapuuzi wengine. Niliwaweka ghalani nikingoja bei ipande, kwa sababu biashara ninaijua.

Nikafika kilo 32,767. Nakumbuka namba hiyo kama tarehe ya msiba. Ilikuwa saa tatu usiku, nikamwona sangara mmoja mdogo wa kilo moja, ambaye kwa haki ya sheria nilipaswa kumwacha akue, naye akaingia mtumbwini. Simu haikuganda, haikujifunga, haikutoa hata mlio. Namba yangu ilibadilika tu, ikaandikwa kwa rangi nyekundu: hasi 32,768. Mimi ni wakala, na katika kazi yetu alama ya hasi haina utani. Nilihisi miguu inapoa. Nikafungua mkoba nikahesabu floti halisi mara mbili. Wakati huohuo yule mama asiye na uso akatokea ufukoni na macho yake mawili na meno, akauliza, «Mzigo wangu uko wapi?» Tangu hapo huja kila alfajiri ya mchezo na swali hilohilo.

Mpwa alinifafanulia kwamba kisanduku walichokitumia kuhifadhi kilo kina nafasi 65,536 tu, na nusu ya nafasi hizo zimetengewa hesabu za hasi, hivyo ukipita 32,767 kwa kilo moja unaangukia upande wa pili, kwenye deni lililo kubwa kuliko yote. Walidhani, alisema, kwamba hakuna mtu angefikisha kilo nyingi hivyo. Hawakumjua mjomba wao.

Asubuhi yake mama mmoja anayeuza dagaa alikuja kuweka pesa, akachungulia simu niliyokuwa nimeilaza mezani, akaona wekundu na hasi 32,768, akarudisha noti zake kwenye kibindo. Alisema atarudi baadaye. Kufikia saa sita mchana habari zilikwisha kuvuka soko la dagaa, na kwenye mizani nilisikia nimekula pesa za watu, kwenye barafu nilisikia nimekimbilia kisiwani Ukara, wakati nimekaa hapahapa nawasikiliza. Saa nane akaja mwenye kibanda, mtu mwenye simu iliyofungwa kwa mpira wa manati, akadai kodi ya mwezi ujao papo hapo, taslimu. Ilinibidi nimketishe, nimwagizie soda, nimwoneshe mchezo mzima, mtumbwi, jiwe, mama wa macho na meno. Alisikiliza kwa makini. Hakuniomba radhi. Aliuliza tu jiwe hilo linapita saa ngapi.

Kisha likatoka toleo jipya, megabaiti 240 nyingine. Jiwe likatulia mahali pake, sangara wakashuka majini, mama akapewa uso, na uso wenyewe, kwa kweli, tulikuwa tumezoea kutokuwa nao. Ungetegemea watu washukuru. Walewale wa nyota moja waliandika upya wakidai jiwe lirudishwe; mmoja alisema vijana hawa wamemnyang'anya riziki, mwingine akasema hivyo ndivyo vitu vizuri vinavyoharibiwa nchi hii. Badala ya jiwe tukapata mlio wa injini usiozimika hata simu ikifungwa, nami nilinguruma mfukoni dakika nzima kwenye msiba kule Igombe, wakati wa dua. Deni langu lilibaki kama lilivyo. Mpwa ameahidi kwamba toleo lijalo litakuwa na kisanduku kikubwa kinachobeba hadi 2,147,483,647, lakini hasi yako imekwisha kuandikwa, mjomba, hivyo chagua kuanza upya au kuvua ulipe. Kuanza upya ni kurudi kwenye makasia. Ninavua. Mpaka leo asubuhi nimefika hasi 31,904.

Mwenye kibanda simu yake ni ya zamani, haikubali toleo jipya. Kijana wa bodaboda alimrushia lile la kwanza kwa bluetooth, na sasa yeye ndiye mtu pekee Kirumba ambaye bado yuko juu ya jiwe. Hutoka kwake akaja kukaa mlangoni pangu kila jioni, akinionesha kilo zake na kunifundisha subira, na akisema kwamba kuanzia Januari itabidi tuongee upya kuhusu kodi, kwa kuwa mtu anayejua kuweka akiba anajua pia thamani ya eneo. Naye haujui mlango wa kuuza. Anangoja bei ipande. Jana usiku alikuwa amefika kilo 32,690. Nilimpongeza, nikamsogezea kiti karibu na taa ili aone vizuri.