Beira: bandari inaingiza hela, mitaa inaingia maji

Ukiangalia ramani unaelewa fasta kwanini Beira, mji wa bandari wa Msumbiji, ipo pale. Mtu wa Mutare, mpakani mwa Zimbabwe, hana bandari ya karibu kuliko hiyo, ndo maana reli ilifika huko tangu 1898, baadae likaja bomba la mafuta, na miaka ya 80 Zimbabwe ikapeleka kabisa wanajeshi wake kulinda hiyo njia wakati wa vita vya Msumbiji. Leo mzigo wa Malawi, Zambia na hata shaba ya Kongo unapita hapo, mzigo ambao Dar nayo inaugombea.

Sasa shida, mji umekaa mdomoni mwa mto Pungwe. Mto unashusha tope na mchanga, meli kubwa zinavizia maji yajae ndo ziingie, na njia ya meli lazima ichimbwe tena na tena. Wanaosema hela ipelekwe Nacala, bandari nyingine ya Msumbiji, wana hoja nzito, kule kina ni cha asili, na Malawi ina reli ya kwenda huko. Ila Nacala ipo mbali kaskazini, kwa mfanyabiashara wa Harare haimsaidii. Kwa hiyo Beira ikuzwe, maghala, matenki, viwanda, mimi naunga mkono kabisa.

Ninachokataa ni kwamba njia ya meli ikijaa mchanga mkopo unatafutwa, ila mfereji wa mtaa wa Munhava ukijaa taka wanaachiwa wenyeji na majembe yao. Munhava ipo jirani tu na bandari, malori yanapita hapo, na mvua ikikaza watu wanatoa maji ndani kwa ndoo. Kimbunga Idai kilipiga Machi 2019, Eloise kikaja Januari 2021 kikakuta watu bado wanaishi chini ya maturubai, wakati meli zilisharudi kufunga gatini zamani.

Na sio kwamba haiwezekani, mto Chiveve unaopita katikati ya mji ulisafishwa, mikoko ikapandwa, maji yanatoka. Mimi nasema kila kontena likatwe kiasi kidogo kiende kwenye mifereji. Watasema ushuru ukipanda mzigo utahamia Durban au Dar, na hofu hiyo ni ya kweli, mwenye mzigo anapiga hesabu kila senti. Lakini mpiga kuli na dereva wa winchi wanalala mitaa hiyo hiyo, ikizama siku tatu huyo mzigo atashusha nani?