Rufiji, Elwha na tope linalozuiwa na bwawa

Katika jimbo la Washington, Marekani, ninakoishi, upo mto Elwha ambao mabwawa yake mawili yalibomolewa kwa makusudi. La kwanza lilikamilika mwaka 1913 na la pili mwaka 1927, yote kwa ajili ya umeme, na hakuna lililojengewa njia ya kupitisha samaki. Salmoni, ambao huzaliwa mtoni, hukulia baharini na kisha hurudi kutaga, wakabakiwa na kilomita kama 8 tu za mto. Watu wa kabila la Lower Elwha Klallam, waliowategemea samaki hao kwa chakula na kwa mila zao, walidai haki yao kwa miaka mingi, na mwaka 1992 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuurejesha mto huo. Kazi ya kubomoa ilianza 2011 ikaisha 2014. Mchanga na tope lililokwama nyuma ya kuta likateremka hadi mdomo wa mto, ufukwe uliokuwa ukiliwa na bahari ukaanza kujijenga, na mwaka 2023 kabila hilo likavua tena salmoni katika mto wake.

Mimi ni mzaliwa wa bonde la mto Rufiji, Tanzania, na habari za tope hilo zinanigusa kwa sababu kwetu tope ndilo shamba. Mafuriko ya masika yanapopungua, wakulima hupanda mahindi, kunde na maboga katika ardhi iliyobaki na unyevu, kilimo tunachokiita mlau, ambacho hakihitaji mbolea ya dukani wala pampu. Mafuriko hayohayo hujaza maziwa madogo ya bondeni wanamovua watu, kisha hufika delta, penye msitu mkubwa wa mikoko ambamo kamba hukulia.

Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa katika mto Rufiji, lina uwezo wa megawati 2,115, na siwezi kuwaambia ndugu zangu waliokaa gizani kwa mgawo wa umeme kwamba halikustahili kujengwa, hali mimi nikiwasha taa nitakavyo. Ninachokidai ni kwamba ukuta huo hukamata tope pamoja na maji, na hasara yake huonekana taratibu, mashamba yakipungua rutuba na bahari ikimega delta, wakati umeme huonekana siku ileile mtambo unapowashwa. Aidha, katika mvua kubwa za 2024, watu wa Rufiji na Kibiti walipoteza mazao na makazi, na mjadala kuhusu maji yaliyofunguliwa bwawani ulionyesha wazi kwamba wanaoishi chini ya ukuta wanahitaji kupewa taarifa mapema na kwa ukamilifu.

Mahitaji yataongezeka tu. Sensa ya 2022 iliihesabia Dar es Salaam watu zaidi ya milioni 5.3, na mwishoni mwa mwaka huohuo mto Ruvu, unaolipa jiji hilo maji, ulipopungua, jiji liliingia katika mgawo wa maji. Bwawa la Kidunda, linalokusudiwa kuutunzia mto huo maji ya kiangazi, lina hoja nzito. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maji yanayosafishwa kwa ajili ya jiji hupotea njiani, na misitu ya milima ya Uluguru, vilipo vyanzo vya Ruvu, inaendelea kukatwa. Bwawa haliwezi kutibu lolote kati ya hayo mawili.

Marekani si nchi ya kuigwa kwa kila jambo, maana mto wao wa Colorado umegawanywa hadi kwa kawaida haufiki tena baharini. Kwenye Elwha, lakini, serikali ilijenga kwanza mitambo ya kusafishia maji ya mji wa Port Angeles, ndipo ikagusa mabwawa, hivyo kiu ya mji haikutumiwa kuwanyamazisha wenye mto. Sera yetu ya Maji ya 2002 nayo iliyapa mazingira nafasi ya pili, baada tu ya mahitaji ya msingi ya binadamu na kabla ya umeme. Basi Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji na waendeshaji wa bwawa waitekeleze: waachie kila masika kiasi cha maji kinachotosha kulowesha mashamba ya mlau, ratiba yake ibandikwe katika ofisi za vijiji kuanzia Mloka hadi delta kabla mvua hazijaanza, na wakulima na wavuvi wa huko wawe na wajumbe katika kikao kinachoipanga.