Gari Namba 014

Nikimwambia mtu kwamba mimi ni katibu wa chama cha wasomi wa historia ya utoto, ananiuliza kama bado tunapokea wa miaka mitatu na kama uji umo ndani ya ada. Hatupokei. Sisi ni watu wazima, wengi wetu tunanusa kustaafu, tunaochunguza watoto wa zamani waliishije: walicheza nini, walifanyishwa kazi gani, walichapwa na nani. Wenzetu wa Marekani walianzisha chama chao mwaka 2001, na tangu 2008 wana jarida linalotolewa na wachapishaji wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Sisi tuna muhuri, tuna akaunti yenye salio la kutia huruma, na tuna Mama Mhazini.

Mama Mhazini ana udaktari wa falsafa, na hakuna shilingi ya chama iliyowahi kutoka kwake bila risiti. Niliwahi kununua pini za ubao wa matangazo, akaniomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Muuza pini alikuwa anatembea na sinia kichwani. Zile pini zikawa sadaka yangu kwa taaluma.

Sasa, kila mwaka Msajili wa Vyama anataka taarifa. Taarifa haiendi bila mkutano mkuu, na mkutano mkuu haufanyiki bila akidi. Akidi ndiyo ugonjwa wetu. Kwenye kundi la simu wote wanaitikia "nitakuwepo inshallah", ikifika siku, kila mmoja ana msiba Kibaha.

Mwaka huo tuliazima darasa katika shule moja ya msingi huko Temeke, siku ya Jumamosi, maana kumbi zina bei zake. Madawati yalikuwa ya darasa la pili. Hebu waone maprofesa waliokaa hapo, magoti yamepakana na videvu, mmoja ameshajibana kiasi kwamba akitaka kuchangia hoja lazima asimame na dawati lake.

Mwenyekiti alifungua kikao kwa ugomvi wake wa kila mwaka, yaani Philippe Ariès. Huyo ni Mfaransa aliyeandika mwaka 1960 kwamba Ulaya ya Zama za Kati haikuwa na dhana ya utoto. Alitazama michoro ya kale, akaona watoto wamechorwa kama watu wazima waliopunguzwa kimo. Wanahistoria wamembishia mpaka leo. Kwenye matope ya mto Thames, London, vimeokotwa vichezeo vya madini ya bati na ya risasi vya zama hizohizo, sasa vilitengenezwa vichezewe na nani? Mimi binafsi nampenda Ariès kwa sababu moja tu: wakati anaandika hakuwa mhadhiri. Riziki yake ilitoka kwenye taasisi ya utafiti wa matunda ya nchi za joto, historia akiifanya Jumapili. Mtu wa maembe na mananasi kawanyima maprofesa usingizi zaidi ya miaka sitini!

Basi, siku hiyo tulikuwa na mgeni kutoka Ujerumani, mtaalamu wa kuhifadhi vitu vya makumbusho. Kwa heshima yake tuliandaa maonyesho madogo ya vichezeo. Nyota ya maonyesho ilikuwa gari la waya lililoundwa Dodoma mwaka 1981 na mhadhiri mmoja, mwanachama wetu, alipokuwa mtoto. Ile ni miaka ya uhaba baada ya vita vya Kagera, madukani rafu zilikuwa tupu, nani angefikiria kuuza gari la kuchezea? Bodi ni mkebe wa mafuta ya kupikia, usukani umefungwa kwenye fito ndefu, tairi zimekatwa kwenye ndala. Mgeni alivaa glavu nyeupe za pamba, akaandika kikaratasi "Na. 014", akatukataza kuligusa kwa mikono mitupu. Akasema pia jua la dirishani litaliharibu, kwa hiyo meza ya maonyesho ikahamishiwa barazani, kivulini.

Ikaja chai. Nikizungumzia wasomi na chai ya bure yenye chapati na mihogo, sitamaliza leo. Baraza likabaki bila mlinzi.

Tuliporudi, meza ilikuwa na kitambaa tu.

Mgeni alishika kifua. Mwenyekiti akatamka neno ambalo sikuliingiza kwenye kumbukumbu za kikao. Uwanjani tukasikia "piiip, piiip!" na hilo hapo, Na. 014, linakata kona ya mwembe, nyuma ya usukani yuko mtoto wa miaka kama tisa, kaptura imefungwa kwa kamba.

"Shikamoo babu," akamwambia Mwenyekiti.

"Marahaba. Nani kakuruhusu kuchukua hilo gari?"

"Lilikuwa bovu, babu. Tairi zimekwisha. Nimelifanyia sevisi."

Kweli, ndala za mwaka 1981 zilikuwa zimeng'olewa zote. Mahali pake kafunga visoda, viwili viwili, vimetobolewa katikati kwa msumari. Kikaratasi cha mgeni kilikuwa kimebandikwa nyuma kwa gundi ya ubuyu.

"Na hii karatasi?"

"Namba ya gari. Bila namba trafiki anakukamata."

Mgeni akaniomba nimtafsirie. Nikamtafsiria. Akachuchumaa na glavu zake, akataka nimuulize kwa nini kaacha ndala. Mtoto akajibu kwamba ndala zinalika upesi, halafu ukikata za mama unapigwa.

Mwenye gari, ambaye tulidhani atalia, akadakia: "Mimi nilikata za baba! Nilichapwa nikalala kifudifudi!" Akaomba usukani. Mhadhiri mwandamizi, mwenye tai, akazunguka uwanja anaunguruma kwa mdomo, akarudi na kumwambia mtoto kwamba linavuta kushoto. Wakakaa chini wote wawili kunyoosha waya.

Upande wa pili mabinti walishachukua mpira wa matambara, Na. 009, wanacheza rede. Wawili wanarusha, wa katikati anakwepa huku anajaza chupa mchanga. Mama Mhazini aliwatazama mikono kifuani, mpaka uvumilivu ukamwishia. "Chupa haijazwi hivyo!" Akavua viatu, akaingia kati. Mwanachama mmoja kutoka Tanga akapinga, kwao chupa ikijaa lazima uimwage kwanza ndipo uhesabiwe. Ukazuka mjadala wa kitaaluma ambao Ariès hajawahi kuupata. Zile kelele zikawavuta wanachama waliokuwa wamejificha kwenye magari yao wakisubiri tumalize, wakaja mmoja mmoja. Nikahesabu vichwa. Akidi!

Nikawahi hapohapo chini ya mwembe. Kumbukumbu za kikao kilichopita, zikathibitishwa. Yatokanayo, hakuna. Taarifa ya Mhazini ikapita Mhazini mwenyewe akiwa katikati ya mchezo, mchanga umemjaa mpaka kwenye nywele, na hakuna aliyethubutu kumuuliza swali. Yeye alikuwa anakwepa mpira.

Kwenye mengineyo mgeni akapendekeza chama kiagize gari jipya, la ndala, libaki kwenye maonyesho. Fundi akakubali.

"Elfu tano. Nusu kwanza."

Mama Mhazini, anahema, akatoa pochi. Kisha, kama kawaida yake: "Risiti?"

Mtoto akachana karatasi ya daftari, akaandika: *Nimepokea elfu mbili na mia tano za gari. Juma.* Mama Mhazini akaisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka kwenye faili. Nikakumbuka pini zangu.

Wiki iliyopita mkaguzi wa hesabu ameturudishia faili. Pembeni ya risiti ile kaandika kwa wino mwekundu: "Mzabuni hana TIN. Aidha, fafanueni: chama kimenunua gari namba 014 kwa sh. 5,000. Kadi ya gari iko wapi?"