Inchi Nane

Wakuu, ukifika Magomeni ya Mtwara ukaulizia kwa jina langu la kwenye kitambulisho utazungushwa mtaa mpaka jua lizame, ila ukimwambia bodaboda yeyote nipeleke kwa Inchi Nane anakushusha mlangoni na chenji anakurudishia. Hilo jina nimelipata mwaka jana msimu wa korosho na naona nitazikwa nalo, kwa hiyo bora nilisimulie mwenyewe kabla hamjalisikia kwa shemeji yangu ambaye anaongezea chumvi.

Iko hivi. Nina mikorosho michache ya urithi kule Nanyamba, sio shamba la kujivunia, lakini mnada ulienda vizuri na hela ikaingia kwenye akaunti. Nyie mnaoishi Kusini mnajua hela ya korosho ikiingia mtu anakuwaje. Mtu miezi minane anapita nyuma ya nyumba za watu ili asionane na mangi, ghafla anakohoa kwa sauti akiwa barabarani. Kuna wanaonunua pikipiki, kuna wanaoongeza mke, mimi nikatangaza mezani kwamba nanunua TV flati kubwa, na mke wangu akashukuru Mungu kwa sauti maana naona alikuwa anasubiria lile la pili.

TV tuliyokuwa nayo ni chogo, inchi 21, imezeeka mpaka rangi imebaki moja. Kila kitu kijani. Msomaji wa taarifa ya habari kijani, mawaziri kijani, wali kijani. Ukiipiga kofi ubavuni inakaa sawa dakika mbili afu inarudi bustanini.

Sasa karibu na Soko Kuu kuna kijana ana fremu ya vitu used, mzigo wa Japani unaoshukia Dar, friji, majiko, baiskeli, vitu hivyo. Nikapita pale asubuhi nikaikuta imeegemezwa ukutani, jitu kabisa, nyeusi, inang'aa, nikajiona mwenyewe ndani yake mpaka na mtu aliyekuwa ananipita nyuma. Bei? Laki sita na nusu. Inchi 65! Mpya ya ukubwa ule nilishaulizia madukani wakaniambia milioni na nusu kwenda mbele, na wakaniangalia ndala. Moyo ukaanza kwenda mbio lakini usoni nikakaa kama mtu aliyekuja kulipia bili ya maji.

"Imepungua njomba?" nikamuuliza.

"Njomba hapo imeshapungua mpaka inaona aibu. Sitini na tano hiyo."

Ungekuwa mtu mwenye akili ungelipa ukaondoka. Ila mimi asubuhi ile nilitoka na futi ya mke wangu mfukoni, yeye ni fundi cherehani, niliichukua nipimie ukuta wa sebuleni nikasahau kuirudisha. Nikajisemea ngoja nijiridhishe. Nikaivuta kutoka upande wa kushoto wa TV mpaka upande wa kulia. Hamsini na saba.

Nikapima tena. Hamsini na saba.

Jamani sikuwahi kujisikia mjanja kama saa ile. Nikainuka taratibu nikajipangusa magoti nikasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Mdogo wangu, hapa inchi nane umezipeleka wapi?"

Yule kijana akacheka, akaniambia TV inapimwa kona kwa kona, kutoka huku juu mpaka kule chini. Nikamwambia we acha hizo, kitu chochote duniani ukikipima kona kwa kona kinaongezeka, hata mimi. Mlango unapimwa kona kwa kona? Kanga inapimwa kona kwa kona? Mke wangu anashona magauni mwaka wa kumi na mbili huu, sijawahi kumuona anampima mtu kuanzia bega la kulia kwenda kisigino cha kushoto!

Watu wakaanza kusogea. Mama anayeuza ming'oko, vile vimizizi vya porini vya kuchemsha, akaacha beseni lake na kipakti cha pilipili mkononi. Kijana akasema haya, leta futi nikuoneshe, akaiweka kona ya juu akaivuta kwenda kona ya chini, na hapo ndo Mungu aliponipa ushindi ambao sikuustahili, maana futi ya kushonea inaishia 60. Ikaishia njiani. Imebaki kipande kama cha kiganja haijafika kona, yeye akaweka kidole pale ilipoishia anataka kuendelea kuhesabu, nikamwambia ahaa, kwa hiyo inchi tano zilizobaki ni za kidole chako. Watu wakapasuka. Mama wa ming'oko akasema, "Mtoto wa watu punguza bei, umekamatwa."

Kumbe kijana alikuwa mkweli mwanzo mwisho, TV zote duniani zinapimwa vile, inchi 65 ya kona ina upana wa inchi kama 57 hivi. Hata watoto wangu walikuwa wanajua. Lakini pale sokoni mimi ndo nilikuwa profesa.

Akachoka. Akaniuliza, "Sasa njomba unatakaje?" Nikamwambia hesabu nyepesi, laki sita na nusu kwa inchi 65 ni elfu kumi kila inchi, hapa zinapungua nane, toa themanini. Akaniangalia muda mrefu. Akaangalia watu. Akasema haya, leta laki tano na sabini.

Afu akainama chini ya meza akatoa kopo la chuma, jeusi, lina waya nyuma na matundu mbele, zito mpaka mishipa ya shingo imemtoka, akalibwaga mezani. "Na hii transfoma yake, sitini."

Nilicheka jamani. Nilicheka mpaka nikashika meza. Yaani umepigwa themanini mlango wa mbele unataka kuzichukua mlango wa uani? Akaniambia njomba, hii TV ya Japani kweli, bila hili kopo haiendi. Nikazunguka nyuma ya TV kuangalia, kuna stika ina maandishi ya kwao yamesimama kama vibanda vya kuku, siyajui, lakini katikati nikaona namba naijua: 100V. Na kwenye friji letu nyumbani najua kabisa imeandikwa 220-240V, maana nilishaisoma siku nikitafuta nani anakula LUKU yangu. Akili ikapiga hesabu fasta. Mia moja tu! Chini ya nusu ya friji! Hii TV inakula umeme kidogo kuliko taa ya chooni, na huyu kijana hajui, angejua angeniuzia milioni.

Nikanyamaza na siri yangu.

"Kopo baki nalo," nikamwambia.

Akageukia wale watu, akasema, "Mmesikia? Nimemwambia." Wakasema tumesikia. Mama wa ming'oko akasema tumesikia. Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema kwa sauti kuliko wote, "Umeniambia!"

Nikatafuta toyo, ile pikipiki ya mizigo ya matairi matatu, elfu nane, nikasimama nyuma nimeikumbatia TV kama mgonjwa anayepelekwa Ligula, maana haitakiwi kulazwa. Tulipita Chikongola taratibu kwa ombi langu. Watu wanapiga miluzi, "Korosho hizooo!" na mimi nainua mkono kama mheshimiwa.

Siku hiyo hiyo jioni ilikuwa dabi, Simba na Yanga. Sasa wewe fikiria, jitu la inchi 65 limeshushwa mchana mtaa mzima unaona, na jioni dabi, hivi kuna haja ya kumwalika mtu? Saa kumi walishaanza kuja. Mikeka, mabenchi, mzee mmoja kaja na kiti chake mwenyewe na mto. Jirani kaleta korosho za kukaanga sinia zima. Wajukuu wa watu ambao hata siwajui. Mke wangu akaniuliza futi yake iko wapi, ana gauni la bibi harusi la Jumamosi, nikamwambia mama watoto futi baadaye, we kaa hapa mbele uangalie mume wako alichokuletea.

Chogo nikaihamishia chumbani. King'amuzi nikakichomeka nyuma ya jitu. Plagi yake ya vimeno viwili bapa nikaivalisha adapta ya elfu mbili. Nikatoa hotuba fupi, nakumbuka nilisema kitu kuhusu watu kujifunza kupatana bei. Nikabonyeza soketi.

Paaa!

Sio kubwa kama bomu, ni kama mtu kapasua mfuko wa karatasi sikioni kwako, afu kimoshi chembamba kikatoka juu ya TV kikapanda taratibu kwenda kwenye bati, afu giza, maana na sakiti breka nayo ikashuka. Kimya. Watu kama arobaini kimya. Afu ikaja harufu. Mwanangu wa mwisho akasema kwenye lile giza, sauti nyembamba kabisa, "Baba, TV imejamba."

Mtu akasema umeme umekatika. Mwingine kachungulia dirishani akasema mbona kwa jirani taa inawaka. Yule mzee wa kiti akauliza, kwa upole tu, "Mwanangu, ulisema ulipunguziwa kiasi gani?"

Mechi inaanza dakika kumi zijazo na watu wameshakaa, hawaondoki hawa. Nikapandisha breka, nikarudi chumbani nikalibeba chogo, nikaliweka pale pale mbele ya jitu maana meza ni moja. Picha ile sitaisahau. Li-TV jeusi nyuma limeziba ukuta, mbele yake kachogo kanawaka, watu arobaini wamekodoa. Wa nyuma wanaangalia mechi kwa kuhadithiwa. Na tatizo ambalo sikulifikiria ni lile la kijani. Simba kijani, Yanga kijani, refa kijani. Mpira unapasiwa hujui kapasiana au kanyang'anywa. Goli lilipoingia nusu ya chumba wakaruka, afu nusu nyingine wakaruka, afu wote wakakaa wakasubiri mtangazaji aseme. Jamaa mmoja mwana Simba akasema hii ni hujuma, akatoka akaenda kusikiliza redio kwa jirani.

Nililala saa ngapi sijui.

Kesho yake nikaipeleka kwa fundi Majengo. Kafungua mgongo, kanusa, kaona ile stika, hata kifaa cha kupimia hakushika. "Transfoma yake iko wapi?"

"Ipi?"

"Hizi za Japani zinakuja na kopo. Umeme wa kwao volti mia, wetu mia mbili thelathini. Hawakukupa?"

Nikasema hapana. Si uongo, hawakunipa.

Akanionesha ndani, kapasita imetumbuka kama hindi la bisi, fyuzi nyeusi, na kadude kengine kameungua akasema ka kuzuia umeme mkubwa, hako ndo kamekufa kwa niaba ya wenzake, una bahati mama bodi na kioo wamepona. Akasema umempa mtoto mchanga ugali wa muhogo afu unashangaa anakohoa. Nikamuuliza kwa hiyo ile 100V sio kwamba inakula umeme kidogo? Aliweka bisibisi chini. Akamwita mwenzake wa fremu ya pili, akaniambia hebu rudia ulivyosema. Nikarudia, na kuanzia hapo naamini ndo stori ilipotokea kwenda kijiwe cha bodaboda.

Matengenezo elfu arobaini na tano. Na akaniambia usije ukaichomeka tena bila kopo, nitakufukuza hapa.

Siku nne nilizunguka mji mzima nikitafuta transfoma kwingine, Mtwara nzima nakwambia, nimefika mpaka Mikindani. Waliokuwa nazo zilikuwa ndogo za kuchajia redio. Nyumbani mke wangu anapima bibi harusi kwa kamba ya katani yenye mafundo, hanisemeshi. Siku ya tano nikavaa kofia nikaenda kule kule Soko Kuu, saa saba mchana nikijua watu wengi wamejificha jua.

Mama wa ming'oko alikuwepo. Alinitangulia kwa macho mpaka mlangoni.

Kijana hakusema chochote. Aliinama chini ya meza akalitoa kopo, akaliweka. Afu akafungua droo, akatoa futi ya mke wangu, imeviringishwa vizuri na kufungwa mpira, akaiweka juu ya kopo.

"Shikamoo njomba. Laki moja na arobaini."

"Si ulisema sitini?"

"Sitini kopo. Themanini inchi zangu nane. Futi nakurudishia bure."

Nikageuka nyuma. Mama wa ming'oko akasema, "Alikwambia."

Nikahesabu hela, nikalipa. Nikamuomba basi anisaidie kulibeba mpaka kwenye bajaji, maana lile kopo ni zito kama jiwe la kusagia. Akasema kubeba elfu mbili, ila kama nataka kupima kwanza umbali kutoka hapo mpaka kwenye bajaji, futi ninayo.